UZI: Mchujo wa urais Marekani, jinsi unavyoweza kushinda kura ukakosa wajumbe

Kalamu ya Ubungo:

Wakuu, heshima kwenu.

Kila baada ya miaka minne tunajaza ramani za Marekani humu, "fulani kabeba California", "fulani kwisha habari yake", na ubishi unakwenda mpaka usiku wa manane. Nikiusoma naona wengi tunahesabu kitu ambacho vyama vyenyewe havikihesabu. Mchujo wa kule hauamuliwi kwa idadi ya majimbo, wala kwa jumla ya kura za nchi nzima. Unaamuliwa kwa wajumbe wa mkutano mkuu wa chama, na wajumbe hao wanagawanywa kwa kanuni ambazo mgombea asipozisoma anaweza kuumia huku anashangilia.

Chukueni usiku wa Februari 5, 2008. Ilikuwa Jumanne Kuu, siku ambayo majimbo mengi hupiga kura kwa pamoja. Upande wa Democratic, Hillary Clinton alishinda New Jersey, jimbo kubwa lililopiga kura zaidi ya milioni moja. Alipata kama 54% dhidi ya 44% za Barack Obama. Televisheni zikamtangaza kwa mbwembwe. Usiku huohuo Obama akashinda Idaho, jimbo la milima na mashamba ya viazi, ambako Wademokrati waliojitokeza walikuwa elfu ishirini na kitu tu. Yeye akazoa karibu 80%.

Sasa njoo kwenye wajumbe. New Jersey: Clinton 59, Obama 48. Clinton kamwacha mwenzake kwa wajumbe 11. Idaho: Obama 15, Clinton 3. Obama kaongoza kwa 12. Watu elfu ishirini wa Idaho walifuta ushindi wa New Jersey nzima na chenji ikabaki.

Huo haukuwa wizi, na haikuwa bahati. Timu ya Obama ilituma watu na kufungua ofisi kwenye majimbo madogo ambako kambi ya Clinton haikujisumbua sana. Clinton akabeba California, New York, Ohio na Pennsylvania, majina yote makubwa, na bado mwisho wa safari Obama alikuwa mbele kwa wajumbe waliopatikana kwa kura, zaidi ya mia moja.

Kanuni yenyewe, kwa Democratic, iko hivi. Majimbo yote yanagawa wajumbe kwa uwiano wa kura. Hakuna jimbo ambalo mshindi anachukua wote kwa sababu tu kaongoza. Lakini kuna kizingiti cha 15%. Ukipata chini ya hapo huambulii kitu, na kura zako zinatolewa kwenye hesabu kana kwamba hazikupigwa.

Tuseme kuna wajumbe 10 wa kugawa. Mgombea A kapata 45%, B 30%, C 14%, D 11%. C na D wanaanguka. Hesabu inabaki kwa A na B peke yao, kura 75 katika kila 100. A ana 45 kati ya 75, yaani 60%, anapata wajumbe 6. B anapata 4. Mtu wa 45% kaondoka na 60% ya wajumbe, na C aliyekosa asilimia moja tu kaondoka mikono mitupu.

Hapo bado sijagusa wilaya. Sehemu kubwa ya wajumbe wa jimbo haigawanywi kwa matokeo ya jimbo zima. Inagawanywa ndani ya kila wilaya ya bunge, yaani eneo linalochagua mbunge mmoja, kila moja na fungu lake, na kizingiti cha 15% kinapigwa humo pia. Hapa ndipo pananifurahisha mimi, kwa sababu namba witiri na shufwa zinaanza kucheza siasa.

Wilaya ina wajumbe 4 na wagombea ni wawili. Mmoja kapata 60%, mwingine 40%. Ushindi mnono, sivyo? Wa kwanza hesabu inampa 2.4, wa pili 1.6. Ukikadiria kwa namba nzima: 2 kwa 2. Umemchapa mwenzio kwa pointi ishirini na mmetoka sare. Ili upate 3 kwa 1 unahitaji kuvuka 62.5%. Wilaya ya jirani ina wajumbe 3. Umepata 51% tu. Unachukua 2, mwenzako 1. Kwa hiyo mwenye akili hamwagi hela kwenye wilaya ya wajumbe wanne anakoongoza kwa 55%. Anazipeleka kwenye ile ya watatu ambako wanakabana koo.

Nevada mwaka huohuo wa 2008 Clinton alimshinda Obama kwa takriban pointi tano na nusu kwenye matokeo yaliyotangazwa, halafu wajumbe wa taifa wakasoma Obama 13, Clinton 12. Sababu ndiyo hiyo ya wilaya.

Nitaendelea na Republican, wao wana mambo yao. Ulizeni.

Mzee wa Buza:

Mkuu umeandika vizuri, ila sisi huku tulishasema tangu kura za maoni za CCM 2020: wajumbe si watu wazuri. Wanakula kwako, wanakupigia makofi, wanachagua mwingine. Hao wa Marekani ni malaika?

Kalamu ya Ubungo:

Hahaha mzee wangu, shikamoo kwanza. Tofauti ni kwamba wajumbe wetu ndio wapiga kura wenyewe. Wakiingia ukumbini wanaamua wao. Mjumbe wa Marekani kwa kawaida anafika mkutanoni wananchi wakiwa wameshaamua, kazi yake ni kupeleka alichotumwa. Wa Republican wengi wamefungwa na kanuni ya chama na ya jimbo kwenye raundi ya kwanza, hata akitaja jina jingine karani anaandika lile alilotumwa. Wa Democratic kanuni inamtaka kwa dhamiri njema awakilishe matakwa ya waliomchagua, na kambi ya mgombea ina haki ya kupitia majina ya wajumbe wake kabla ili mapandikizi yasiingie.

Wengi wao ni watu wa kawaida: mwalimu, mstaafu, diwani, kijana aliyegonga milango kumpigia debe mgombea. Na mara nyingi nauli na hoteli anajilipia mwenyewe. Sasa sijui wa kwetu angekubali hilo.

Ila wakipiga raundi ya kwanza na asipatikane mwenye zaidi ya nusu, wengi wanafunguliwa, raundi kwa raundi kulingana na kanuni za kwao. Hapo ndipo "si watu wazuri" yako ingeanza. Mara ya mwisho kufika raundi ya zaidi ya moja ni 1952, Democratic walipompata Adlai Stevenson raundi ya tatu. Mwaka 1924 walikaa New York wakapiga raundi 103.

Mtoto wa Kisauni:

Salaam kutoka Mombasa. Kwetu Kenya mchujo ni wa chama, chama kinaleta masanduku, na mara nyingine masanduku hayafiki. Kwa Marekani nani anaendesha? Na mtu yeyote anaingia tu kupiga kura ya chama asicho mwanachama?

Kalamu ya Ubungo:

Kaka, swali zuri, na jibu linategemea umesimama jimbo gani.

Mchujo wa kawaida unaendeshwa na serikali ya jimbo: vituo vilevile, maafisa walewale, gharama ya jimbo. Kokasi ni tofauti, hiyo ni mikutano ya wanachama inayoendeshwa na chama chenyewe jioni, kwenye shule, kanisa au maktaba. Iowa kwa Democratic zamani mlikuwa mnasimama kona kwa kona ukumbini kulingana na mgombea, mnahesabiwa vichwa, na kundi lisilofika kizingiti linavunjwa watu wake wanakwenda kushawishiwa na makundi mengine. Kokasi inawafaa wenye wafuasi wenye moto, kwa sababu mama wa zamu ya usiku hospitalini hawezi kuja kusimama kwa muda wa saa mbili. Idaho ile ya Obama nayo ilikuwa kokasi. Mwaka 2020 Iowa programu ya simu ya kutuma matokeo ikafeli na taifa zima likalala bila mshindi. Siku hizi Democratic wamezipunguza sana.

Nani anapiga: kuna majimbo ya wazi, kama Texas, Georgia na Michigan, ambako hujiandikishi kwa chama kabisa. Siku ya kura unaomba karatasi ya chama kimoja, basi. Kuna ya kufungwa, kama Florida na New York, kama hukuandikishwa kwenye chama hicho unakaa nje. New York 2016 ilikuwa kali zaidi. Mchujo ulikuwa Aprili 19, lakini aliyetaka kubadilisha chama alitakiwa awe amefanya hivyo Oktoba ya mwaka uliotangulia, miezi sita kabla. Watoto wawili wa Donald Trump, Ivanka na Eric, walichelewa. Baba yao alishinda jimbo lao la nyumbani kwa kishindo bila kura zao.

Neno la mwisho kuhusu wajumbe ni la chama, si la jimbo. Mwaka 2008 Florida na Michigan zilifanya mchujo kabla ya tarehe iliyoruhusiwa, chama cha Democratic kikawafutia wajumbe wote. Michigan jina la Obama halikuwa hata kwenye karatasi. Ubishi uliendelea hadi Mei 31, kamati ya kanuni ilipokaa na kuamua kila mjumbe wa huko apewe nusu kura. Nusu mtu, kwa lugha ya mtaani.

KokotoJeusi:

Mkuu umetuacha na Republican. Trump 2016 alikuwa hapati hata nusu ya kura kwenye majimbo mengi lakini akawa anawafagia wenzake. Ilikuwaje?

Kalamu ya Ubungo:

Naam. Republican makao makuu wanatoa mipaka tu, ndani ya mipaka hiyo kila jimbo linajipikia lenyewe. Mpaka mkubwa ni tarehe: ukipiga kura kabla ya Machi 15 unatakiwa kugawa kwa uwiano, isipokuwa majimbo manne ya mwanzo. Baada ya hapo ukitaka mshindi achukue vyote, ruksa.

South Carolina ni mojawapo ya yale manne. Februari 2016 Trump alipata 32.5% pale. Theluthi mbili ya wapiga kura walimkataa. Wajumbe walikuwa 50 na alichukua 50, kwa sababu wapinzani waligawana kura jimbo zima na kwenye kila wilaya yeye ndiye aliyekuwa juu. Machi 15 ikaja Florida, nyumbani kwa seneta Marco Rubio. Trump 45.7%, Rubio 27%. Wajumbe: 99 kwa sifuri. Rubio alijitoa usiku uleule. Gavana John Kasich naye akabeba 66 wote wa Ohio kwao, ndiyo pekee aliyoshinda safari nzima.

Nani wa kulaumiwa? Wapinzani wa Trump walikuwa wanasubiriana, kila mmoja anasema mwenzangu atatoka kwanza. Kwa kanuni za Democratic mchezo ule ungeweza kuvutwa mpaka mwisho. Kwa kanuni za Republican, wapinzani watatu waliogoma kutoka ni zawadi kwa anayeongoza. Jumla Trump alipata chini ya nusu ya kura zote za mchujo na alivuka wajumbe 1,237 waliohitajika bila shida.

Tena msidanganyike na neno "uwiano" kwa upande huu. Majimbo mengi yana kifungu kwamba ukivuka 50% unachukua vyote. California ni hivyo: Machi 2024 wajumbe 169 walikwenda kwa mtu mmoja. Mwaka huohuo South Carolina Nikki Haley, gavana wao wa zamani, alipata 39.5% na wajumbe 3 kati ya 50.

Kioja ninachokipenda zaidi ni Pennsylvania. Mwaka 2016 wajumbe 54 kati ya 71 walichaguliwa moja kwa moja kwenye karatasi, majina yao tu, bila kuandikwa ni wa mgombea gani, na hawakufungwa na matokeo. Mwananchi anasimama kituoni anaangalia orodha ya watu asiowajua hata mmoja. Kambi za wagombea zikawa zinagawa vikaratasi nje: chagua huyu, huyu na huyu.

Dada wa Minneapolis:

Habarini ndugu zangu. Naishi Minnesota miaka mingi, niongeze kidogo. Mwaka 2024 Biden alikuwa kama hana mpinzani, lakini watu waliokasirishwa na vita vya Gaza waliamua kuchagua kisanduku cha "sijafungamana na yeyote". Hapa kwetu walifika kama 19%, na kwa kuwa wamevuka 15% wakapewa wajumbe 11. Wajumbe wa mgombea asiyekuwepo! Jamaa zangu wengine hawakuelewa kwa nini watu wapange foleni kuchagua hewa.

Kalamu ya Ubungo:

Asante dada, mfano huo ni dhahabu. Na angalia Michigan wiki moja kabla yenu. Kura zaidi ya laki moja, kuliko zenu, lakini ilikuwa kama 13% ya jimbo, chini ya kizingiti. Wakapata wajumbe 2 tu, kutoka wilaya mbili ambako walivuka 15%. Kura nyingi zaidi, wajumbe wachache zaidi. Kizingiti hakina huruma.

Mzee wa Buza:

Sasa mimi naona huu ni ujanja wa wenye chama tu. Demokrasia gani ya vizingiti na nusu mtu?

Kalamu ya Ubungo:

Mzee, ungeona hali ilivyokuwa kabla. Mwaka 1912 Theodore Roosevelt alishinda michujo mingi kuliko Rais Taft, na mkutano mkuu wa Republican ukampa Taft. Michujo ilikuwa ni maonyesho tu. Mwaka 1968, upande wa Democratic, maseneta Robert Kennedy na Eugene McCarthy wakazunguka wakiomba kura, Kennedy akapigwa risasi Juni usiku wa ushindi wake California, akafariki. Agosti, Chicago, polisi wakiwapiga waandamanaji mitaani, wajumbe wakamteua Makamu wa Rais Hubert Humphrey, ambaye hakushiriki mchujo hata mmoja. Wajumbe wengi walikuwa wamepangwa na wakubwa wa chama majimboni.

Baada ya kushindwa kwa Humphrey ndipo tume ya seneta George McGovern na mbunge Donald Fraser ikalazimisha wajumbe wapatikane kwa njia iliyo wazi kwa wanachama. Majimbo mengi yakaona njia rahisi ni mchujo. Na nani alizielewa kanuni mpya kuliko wote? McGovern mwenyewe, akateuliwa 1972. Halafu akashindwa vibaya na Nixon, majimbo 49.

Wakubwa wa chama wakasema tumejikaanga. Ndipo kuanzia 1984 wakaingizwa wajumbe maalumu: wabunge, maseneta, magavana na viongozi wa chama wanaoingia kwa vyeo vyao bila kufungwa na kura ya mtu. Mwaka 2016 walikuwa kama 700, wengi wao kwa Clinton tangu mapema, na televisheni zikawa zinawajumlisha kwenye ubao kana kwamba mechi imeshakwisha. Watu wa Bernie Sanders, mpinzani wa Clinton, waliwaka. Kwa haki niseme Clinton aliongoza pia kwa kura na kwa wajumbe wa kura, hao maalumu hawakumpindulia Sanders kitu. Lakini sura ilikuwa mbaya, na 2018 chama kikakubali: raundi ya kwanza wajumbe maalumu hawapigi kura kama kura zao zinaweza kuamua mshindi. Wanasubiri raundi ya pili.

Kwa maoni yangu hilo ndilo badiliko la maana kuliko yote ya miaka hii, na limepita kimya kabisa.

Mtoto wa Kisauni:

Na Kamala Harris 2024? Huyo alipitia dirisha gani? Hakuna aliyempigia kura ya mchujo mwaka ule.

Kalamu ya Ubungo:

Alipitia mlango wa wajumbe, kaka. Biden alikuwa ameshinda karibu wajumbe wote. Alipojitoa Julai 21, hakuwa na uwezo wa kuwarithisha kama shamba, wakabaki watu huru. Akamuunga mkono Harris, simu zikapigwa usiku na mchana, na ndani ya takriban siku mbili wajumbe wa kutosha wakawa wameshatangaza wako naye. Kura rasmi ilipigwa kwa mtandao ikaisha Agosti 5, kabla mkutano haujakaa Chicago. Waliharakisha kwa sababu walihofia tarehe za mwisho za kuingiza jina kwenye karatasi za majimbo, hasa Ohio.

Unaweza kusema hakuchaguliwa na wananchi, na una hoja. Lakini kikanuni hakuna aliyevunja kitu. Siku ya mwisho anayeteua ni mjumbe.

KokotoJeusi:

Mkuu la mwisho, nimeona visiwa navyo vina wajumbe. Si nasikia Puerto Rico hawampigii rais kura?

Kalamu ya Ubungo:

Ndiyo. Novemba hawapigi, maana hawana kura kwenye baraza la uchaguzi, lile linalomchagua rais rasmi. Lakini mchujo ni jambo la chama, na chama kinaweza kumpa nafasi za wajumbe kinayemtaka. Puerto Rico, Guam, Visiwa vya Virgin, Mariana ya Kaskazini na Samoa ya Marekani wote wanatuma wajumbe. Hata Wademokrati wanaoishi nje ya nchi wana fungu lao, Mmarekani aliyeko Arusha anashiriki.

Mwaka 2020 bilionea Michael Bloomberg alimwaga mamia ya mamilioni ya dola, na Jumanne Kuu ushindi wake pekee ulikuwa Samoa ya Marekani, kwa kura 175. Mwaka 2024 hapohapo Biden, akiwa rais aliyeko madarakani, alishindwa na mfanyabiashara aitwaye Jason Palmer ambaye Wamarekani wengi walikuwa hawajawahi kumsikia. Kura 51 kwa 40. Wajumbe walikuwa 6. Wakagawana 3 kwa 3.